Ulichopitia ni Mali ya Wenzako

(Somo lililotolewa katika semina ya wafanyakazi na wafanyabiashara, wakati wa maadhimisho yetu)

 

Ninyi mliokuwapo hemani siku ile mtakumbuka kwamba nilipopewa kipaza sauti nilikaa kimya kidogo. Wengine walidhani nimeguswa na Roho. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimeombwa nifundishe jinsi mtu anavyoweza kutumia aliyoyapitia maishani kuimarisha wenzake kazini, na nilijua siwezi kufundisha hilo bila kusema jambo moja langu mwenyewe ambalo sikupenda kulisema. Nililisema. Sasa wahariri wameniomba niliandike, ili na wewe ambaye hukufika ulipate. Basi soma taratibu, ndugu yangu, ukiwa Bujumbura au Goma, Mbarara au Kisii, Kigali au huku kwetu Ngara.

Mimi si mchungaji wala si mwalimu wa chuo. Mimi ni mtu wa malori. Nilianza kazi mwaka 1996 nikiwa utingo. Ndugu zetu wa Kenya wanasema taniboi. Njia yetu ilikuwa Dar es Salaam, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Lusahunga, hadi Rusumo, pale daraja linapovuka Mto Kagera kuingia Rwanda. Baadaye nikawa dereva, na baada ya miaka mingi nikapewa usimamizi wa yadi ya magari upande wetu wa mpaka. Kampuni siitaji, haina kosa katika haya nitakayosema. Kosa ni langu.

Usiku wa jiwe dogo

Nikiwa utingo, usiku mmoja tulipata pancha kwenye mteremko. Gari limebeba mzigo mzito. Dereva akaniambia, "Kaweke mawe." Kazi ya utingo ni hiyo: gari likisimama tu, unaruka chini, unazuia matairi. Baridi ilikuwa kali, na usingizi ulikuwa umenishika. Nikaokota jiwe moja dogo, nikalisukuma kwa mguu chini ya tairi moja, nikarudi kujikunyata.

Gari likajisogeza. Kwanza kidogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Kisha likalipanda lile jiwe, likashuka, likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Turubai lilichanika na sehemu ya mzigo ikamwagika. Dereva akaniangalia, nami nikamwangalia. Tulipofika kwa tajiri tukasema breki zimekufa zenyewe. Fundi akafokewa kwa kosa lisilo lake. Sisi tukanyamaza, na yule dereva akaja kufariki bila yeyote kati yetu kulitaja tena.

Wapendwa, mimi niliokoka baada ya hapo. Nikatoa ushuhuda mara nyingi. Nilishuhudia nilivyoacha pombe, na Mungu alivyonipandisha kutoka utingo hadi msimamizi. Kanisa likapiga vigelegele. Lile jiwe dogo sikuwahi kulitaja hata siku moja.

Nilijua, nikanyamaza

Nilipokuwa msimamizi, yadi yetu ilikuwa na mteremko karibu na geti. Mtu asiyezoea hauoni, unadhani ni tambarare. Mimi niliuona siku ya kwanza, kwa sababu mtu aliyewahi kuona lori linaondoka lenyewe usiku hasahau. Nilijua kwamba gari lenye mzigo, breki ya mkono ikiwa imechoka, halipaswi kuegeshwa pale bila kuzuiwa matairi vizuri.

Kwa nini sikusema? Nilijiambia, "Hawa ni watu wazima, wanajua." Lakini ndani yangu nilijua kwamba nikianza kueleza sana habari ya mawe na matairi, mtu ataniuliza, "Mzee, wewe yalikupata wapi hayo?" Na mimi nilikuwa msimamizi, mzee wa kanisa pia. Nikalinda jina langu.

Asubuhi moja kijana wetu wa miaka 22 alikuwa nyuma ya gari akifunga kamba za turubai. Gari likajisogeza. Kidogo, kama lile la kwanza. Mguu wake wa kushoto ukabanwa kati ya gari na ukuta, ukavunjika mara mbili. Namshukuru Mungu yu hai. Lakini hadi leo anachechemea, na kazi ya kupanda juu ya mzigo hawezi tena.

Nilikwenda kwao. Nikakaa kwenye mkeka mbele yake na mama yake, nikawaeleza yote, kuanzia usiku ule wa jiwe dogo. Nilitegemea yule mama atalia au atanitukana. Hakufanya hivyo. Aliniuliza neno moja tu:

"Kumbe ulikuwa unajua?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo somo langu lote. Kama leo hutabeba kitu kingine, beba hilo. Kuna jambo unalijua kwa sababu lilikupata. Wenzako kazini hawalijui. Siku likiwapata, mtu atakuuliza: kumbe ulikuwa unajua?

Sisi ni watu wa ushuhuda, lakini tunaruka katikati

Sisi watu wa kipentekoste hatuna shida ya kusimama na kusimulia. Tumelelewa hivyo. Lakini tuchunguze ushuhuda wetu. Mara nyingi unaanza na shida, kisha unaruka hadi muujiza. "Nilikuwa na deni, nikaomba, Mungu akafungua mlango, leo nina duka mbili!" Haleluya. Lakini yule dada aliyekaa nyuma mwenye deni kama lako anataka kujua katikati: ulikosea wapi hadi ukaingia kwenye deni? Ulimwendea nani kwanza? Uliacha nini? Uliandika wapi?

Kazini ni hivyohivyo. Wenzako hawajengwi sana na kusikia kwamba una uzoefu wa miaka 20. Wanajengwa na ile katikati: nini kilitokea, dalili ulizoziona ukazipuuza, na nini ungefanya tofauti.

Tazameni Petro. Alimkana Bwana wake mara tatu, akalia. Huyo ndiye aliyekuja kuwa kiongozi. Na Injili zote nne, zote, zinaeleza kosa lake. Kanisa la kwanza halikuficha aibu ya kiongozi wake ili kumlinda. Fikiria mtu aliyekuwa akiteswa kwa ajili ya imani miaka ile, amedhoofika, anasikia kwamba hata Petro alianguka akasimama. Petro angekuwa na habari za ushindi peke yake, mtu huyo angepata wapi nguvu?

Tulichoanza kufanya

Baada ya mguu wa kijana wetu, nilimwomba mwenye kampuni dakika 10 kila asubuhi kabla funguo za magari hazijagawiwa. Tunasimama uwanjani, hatukai, maana tukikaa tutazoea maneno. Mtu mmoja anasimulia jambo moja lililompata, akijibu maswali matatu:

1. Nini kilitokea?
2. Dalili gani ilionekana mapema?
3. Leo tufanye nini ili lisitokee hapa?

Tuliweka na masharti. La kwanza, bosi ndiye anayeanza. Nilianza mimi, na lile jiwe dogo. Magoti yalikuwa yanatetemeka. La pili, kosa alilolisimulia mtu kwa hiari halitumiki kumfukuza wala kumtania kijiweni. La tatu, asubuhi haimaliziki na "asante kwa mchango wako." Inamalizika na mtu mmoja kupewa jukumu na siku ya kulimaliza.

Wiki ya kwanza nilizungumza peke yangu. Wiki ya pili fundi mmoja akasema jambo. Wiki ya tatu tulianza kukatana kauli. Ndivyo nilivyojua kwamba hofu imeondoka.

Matunda yake ni haya. Kila gari sasa lina kabari mbili za mbao, zimepakwa rangi nyekundu. Dereva hakabidhi ufunguo mpaka utingo athibitishe kwamba kabari ziko chini ya matairi. Ni jambo dogo, mbao na rangi tu. Lakini lilichukua miaka mingi kufika hapo, kwa sababu mtu mmoja alikuwa anaona aibu.

Usidharau yasiyo ya kazini

Jambo lililonishangaza ni kwamba mengi yaliyotusaidia hayakutoka kazini. Yalitoka majumbani.

Tulikuwa na mama mmoja aliyeajiriwa kutunza stoo. Kabla ya hapo alikuwa mama lishe pale mpakani, akiwapikia madereva kwa mkopo. Stoo yetu ilikuwa inapoteza spana na jeki kila mwezi, na kila mtu alimshuku mwenzake. Yule mama akasema, "Mimi nilikopesha watu wa nchi nne, wengine sijui hata majina yao, na madeni mengi yalilipwa. Siri yake ni kwamba kila mtu aliandika mwenyewe kwenye daftari langu, kwa mkono wake. Mtu akiandika mwenyewe hasahau, wala habishi." Tukafanya hivyo. Anayechukua jeki anaandika mwenyewe, anayerudisha anajifuta mwenyewe. Vifaa vikaanza kurudi, na kushukiana kukapungua.

Mwingine ni binti mdogo tu, wa ofisini. Tulikuwa na dereva mzee wa mashine ya kunyanyulia mizigo, na vijana walilalamika kwamba mzee ana kiburi, anaambiwa simama anaendelea. Binti akasema, "Babu hana kiburi. Babu hasikii. Bibi yangu niliyemlea alikuwa hivyohivyo, anaitikia kila kitu kwa kichwa ili watu wasijue." Tukamwita mzee faraghani, akakubali kwa machozi. Tukaweka ishara za mikono kwa timu nzima, na mzee akapelekwa kupimwa masikio. Jamani, yule binti hakusomea usalama kazini. Alikuwa amemlea bibi yake.

Kwa hiyo wewe unayesema, "Mimi sina uzoefu, nimekaa nyumbani miaka 10 nalea," nakuuliza: mtoto akiugua usiku ulijuaje kwamba hii si homa ya kawaida? Bajeti ya wiki uliigawaje ikatosha? Watoto wawili wakigombana ulianzia wapi? Hiyo ni elimu. Ilete kazini.

Na wewe mwenye kuongoza watu, acha kuuliza tu, "Umesoma wapi?" Uliza pia, "Umepitia nini?" Kisha tulia usikilize.

Uzoefu nao una mpaka wake

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana wazee tutajisifu bure.

Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi na Congo wanaendesha kulia. Pale Rusumo gari linabadilisha upande. Sasa niambie, nani yuko hatarini zaidi akivuka: dereva mpya au dereva wa miaka 20? Wote wana hatari yao, lakini yule wa zamani mikono yake imezoea kushoto. Akishtuka ghafla, mikono inamvuta kwenye alichokizoea. Kile kilichomlinda upande huu kinaweza kumwangusha upande ule.

Ndivyo uzoefu ulivyo. Kabla hujausimamia, jiulize: jambo hili lilifanya kazi wapi, na wakati gani? Mimi mwenyewe nilikwama hapo. Nilizoea zama za kukimbia na karatasi, dereva anasimama upande huu, tena anasimama upande ule. Mwaka 2016 marais wetu wawili walizindua daraja jipya na kituo cha pamoja pale Rusumo, mtu akawa anakamilisha shughuli zake upande anaoingia. Nyaraka nazo zikahamia kwenye kompyuta. Mimi bado nilikuwa nawaambia vijana, "Sisi zamani..." Kijana mmoja akaniambia kwa adabu, "Mzee, zamani yako ni kweli, lakini leo inatuchelewesha." Iliniuma. Alikuwa sahihi. Nikakaa chini anifundishe.

Hata saa zinatudanganya. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikishika mtandao wa ng'ambo ya mto, saa inabadilika yenyewe. Dereva wetu mmoja aliona saa 10 jioni kwenye simu, akanywa chai, kumbe kwetu ni saa 11 na ofisi ya wakala tuliyemtegemea imefungwa. Gari likalala. Kesho yake alilisimulia lile kosa uwanjani, watu wakacheka naye, na kwenye ubao wetu tukaanza kuandika saa mbili: saa ya Dar na saa ya Kigali. Hakuna aliyelaza gari tena kwa sababu hiyo.

Jinsi ya kusema bila kutawala

Mnakumbuka Yethro, mkwewe Musa, katika Kutoka sura ya 18? Mimi nampenda sana mzee huyu. Alifika akamkuta mkwewe anaamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, peke yake. Angalia alivyofanya. Kwanza alitazama. Hakuanza kusema siku aliyofika. Alisubiri akaiona kazi. Pili, aliuliza. Tatu, alishauri wazi: chagua watu waaminifu, wagawanyie mzigo, yaliyo magumu yaje kwako. Nne, alimwachia Musa na Mungu wake uamuzi. Kisha akarudi kwao. Hakubaki kuangalia kama ushauri wake unafuatwa.

Wazee wenzangu, wengi wetu tunaanza na la tatu na hatuondoki.

Na jambo moja la tahadhari, hasa kwa nchi zetu hizi. Kati yetu wako waliopita vitani, waliokimbia usiku na watoto mgongoni, waliopoteza ndugu. Usimlazimishe mtu alete jeraha lake kazini ili timu ijengwe. Kuna ya kusema uwanjani, kuna ya kusema kwa mchungaji au mshauri, na kuna ya kumwambia Mungu peke yake. Mtu atasema akiwa tayari, na kama hatasema kamwe, muheshimu. Mimi ninazungumzia yale ambayo ukiyanyamazia, mwenzako ataumia.

Fanya hivi wiki hii

Msomaji mpendwa, usilifunge gazeti hili ukasema somo lilikuwa zuri. Chukua kalamu.

Andika jambo moja lililokupata, kazini au nyumbani, ambalo wenzako wa sasa linaweza kuwapata. Moja tu. Liwe lile unaloona aibu kidogo kulisema, maana hilo ndilo bado halijasemwa.

Chagua mtu mmoja au timu yako, uwaambie katika siku saba. Wape katikati, usiruke.

Kisha muulize mwenzako mmoja ambaye hujawahi kumuuliza, pengine mlinzi, mfagizi, au kibarua wa siku: "Wewe hapa unaona nini ambacho sisi hatukioni?" Ukishauliza, funga mdomo.

Yule kijana wetu sasa yuko kwenye kibanda cha geti. Yeye ndiye anayekagua kabari. Hakuna gari linaloegeshwa bila yeye kuchechemea hadi kwenye matairi, akainama, akatazama kwa macho yake. Madereva wakimharakisha, anawaambia, "Subiri. Mimi najua." Kila nikisikia maneno hayo namkumbuka mama yake na lile swali.

Tuombe. Bwana, tupe ujasiri wa kusema tuliyoyapitia kabla hayajamkuta mwingine. Tuponye na kiburi cha kujua, na hofu ya kujulikana. Walinde walio barabarani leo, kushoto na kulia. Katika jina la Yesu.

Amina. Mbarikiwe wote, na salamu kutoka Rusumo.